Kupaki gari Kigoma mjini bila bili ya kushtukiza, mnyororo wala faini: mwongozo kamili

Madereva wengi wanaolalamika kwamba "wamebambikwa" huwa wamechanganya mambo mawili. La kwanza ni je, hapa panaruhusiwa kusimamisha gari? La pili ni je, hapa panalipiwa? Kulipa ada hakuhalalishi mahali palipokatazwa. Ukiacha gari juu ya kivuko cha zebra ukiwa na risiti ya maegesho mkononi, trafiki atakuandikia kama kawaida. Vilevile, kuegesha vizuri kabisa ndani ya mistari hakukuondolei ada. Kila unapozima injini mjini jiulize maswali yote mawili, kwa mpangilio huohuo.

Nani anakuandikia nini

Karatasi au ujumbe unaoweza kuupata una asili tatu, na kila mmoja una mlango wake wa kulipia na wa kulalamikia.

Bili ya maegesho ni deni la ada, siyo kosa. Inatolewa na mkusanyaji mwenye mashine ya mkononi: anaingiza namba ya gari lako, mfumo unaanza kuhesabu, na deni linakaa kwenye ile namba ya gari. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Siku hizi mkusanyaji si lazima akuachie karatasi kwenye kioo. Unaweza kutoka sokoni, ukakuta kioo ni kitupu, ukaondoka ukijua umepona, kumbe deni lilishaingia na likipita muda linaanza kuzaa faini ya kuchelewa.

Adhabu ya sheria ndogo inatoka Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Minyororo ya kwenye tairi na gari kuvutwa kwa kawaida vinatoka upande huu: umeziba geti la soko, umegeuza njia ya waenda kwa miguu kuwa gereji, umeshusha mzigo pasipo pake.

Ya tatu ni faini ya polisi wa usalama barabarani, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Hii ndiyo watu wanaiita "notifikesheni". Kwa gari, kosa moja ni shilingi 30,000. Kwa bodaboda na bajaji, bajeti ya mwaka 2021/22 iliishusha kutoka 30,000 hadi 10,000. Zingatia neno "kosa moja". Ukiwa umepaki vibaya na taa ya nyuma haiwaki, hayo ni mawili.

Mkusanyaji wa ada hana uwezo wa kukuandikia faini ya polisi, na trafiki hatozi ada ya maegesho. Mtu akikuchanganyia hizo mbili kwa mkupuo na kutaka fedha taslimu, ujue kuna kasoro.

Hatua ya kwanza: soma mahali kabla ya kuzima injini

Kibao cha bluu chenye herufi P kinakuambia ni maegesho. Kibao cha mduara mwekundu uliokatwa kwa mstari kinakukataza. Hivyo ni rahisi. Tabu ni kwamba mitaa mingi ya Kigoma haina kibao chochote, na dereva anajisemea kwamba pasipokatazwa panaruhusiwa. Sivyo. Kuna sehemu ambazo zimekatazwa kwa asili yake, ziwe na kibao au zisiwe nacho:

- juu ya kivuko cha zebra, na pia karibu nacho kiasi cha kumziba mtoto anayetaka kuvuka asionekane;
- kwenye njia panda na mzunguko, pamoja na midomo yake;
- kwenye kona na kwenye kilele cha mlima, mahali ambapo anayekuja hakuoni mpaka amekufikia;
- kituo cha daladala, hata kama daladala hazipo kwa wakati huo;
- mbele ya geti la mtu, la hospitali, la shule au la kituo cha mafuta;
- ubavuni mwa gari jingine lililokwisha paki, hata kama dereva wake "yuko hapohapo ndani";
- kwenye makutano ya reli na barabara;
- darajani, na juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Kama huna futi ya kupimia, tumia urefu wa gari lako. Gari dogo la kawaida lina urefu wa mita 4 na nusu hivi. Kaa mbali na kivuko au kona kwa angalau urefu wa gari moja na nusu. Halafu shuka, geuka, tazama nafasi iliyobaki barabarani. Fuso lina upana wa zaidi ya mita 2. Ukihesabu hatua tatu kubwa kutoka ubavu wa gari lako na zikaishia upande wa pili wa mstari wa katikati, umeminya barabara. Kuzuia wengine ndiyo kosa lenyewe. Kibao ni nyongeza tu.

Taa za hazadi si kibali. Dereva anaziwasha, anaingia dukani "dakika mbili", akirudi anashangaa. Hazadi zinasema una dharura. Askari akikuta dharura yenyewe ni soda baridi, hazitakusaidia.

Sehemu zinazowaponza watu mjini

Barabara ya Lumumba inayopanda kutoka stesheni ya reli ndiyo uti wa mgongo wa mji, na ndiyo inayotoa makosa mengi. Treni ikiingia, eneo la mbele ya stesheni linajaa teksi, bajaji, wapagazi na ndugu waliokuja kupokea wageni. Kigoma ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo abiria wote waliobaki wanashuka hapohapo na mizigo yao yote. Usisimame mlangoni ukisubiri. Paki mbali kidogo, tembea dakika tatu, mwelekeze mgeni wako kwa simu. Atakayebeba begi mita mia mbili hatakufa.

Miembe ya Lumumba ina kivuli kizuri, na kila mtu anakitaka. Angalia mambo mawili kabla ya kujibanza chini yake: shina lisikufanye ubaki na nusu ya gari kwenye lami, na kama ni msimu, tazama juu. Embe bichi likidondoka kutoka tawi la juu linaacha kidonda kwenye boneti, na hakuna wa kumdai.

Mwanga, kwenye njia ya kwenda Ujiji, ugumu ni soko na daladala kushiriki ukingo mmoja. Wanaokuja kununua wanapenda kusimama palepale zinapopakia daladala kwa sababu ndipo karibu na vibanda. Konda atakupigia kelele kwanza; baada ya kelele huja mtu wa manispaa. Ingia mtaa wa nyuma. Ukikuta mama mwenye kibanda mbele yako, mwombe: "Shikamoo mama, naomba nipaki hapa robo saa, sitakuzibia?" Ruhusa yake haikuondolei ada wala sheria, lakini inakuondolea ugomvi, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuambia kwamba mkusanyaji amepita.

Kibirizi, wanakopakilia boti za ziwani, na eneo la bandari ni mahali pa mizigo: magunia ya dagaa, madumu ya mawese, mikungu ya ndizi. Kushusha na kupakia si sawa na kupaki. Ukiwa unashusha, dereva abaki na gari, injini iwe tayari kuwaka, na kazi iwe inaendelea kweli. Mzigo ukiisha na gari likabaki huku dereva amekwenda kunywa chai, basi umepaki. Wenye kirikuu na Fuso waulize kwanza saa za kushusha mizigo katika mtaa husika, kwa sababu sheria ndogo za miji hupenda kuzuia malori makubwa katikati ya mji saa za biashara na kulala barabarani usiku.

Hospitali ya Maweni: acha njia ya gari la wagonjwa wazi hata kama wewe mwenyewe umeleta mgonjwa. Mshushe, mkabidhi, rudi uondoe gari.

Stendi ya Masanga ina taratibu zake. Ukiingia ndani na gari dogo kusindikiza msafiri, uliza getini kama kuna ushuru wa kuingia na muda wake, na usisimame kwenye njia ya mabasi. Basi linalorudi nyuma halikuoni.

Nje ya mji, kwenye barabara kuu ya kwenda Kasulu, mambo yanabadilika. Hiyo iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Lori lililoegeshwa wiki nzima "pembeni kabisa" bado linaweza kuwa ndani ya hifadhi.

Hatua ya pili: liweke gari vizuri

Tunaendesha kushoto, kwa hiyo paki upande wa kushoto ukitazama mwendo wa magari. Kukata kwenda kupaki kulia ukiwa umewaelekea wanaokuja ni kosa linaloonekana kutoka mbali, na ukitoka usiku taa zako zinawamulika usoni.

Sogea ukingoni hadi ibaki nafasi ya sentimita 30 hivi, kama urefu wa rula ya shule. Lakini Kigoma ina mitaro mirefu ya maji isiyofunikwa. Shuka uangalie, usikadirie kwa kioo. Tairi la mbele kushoto likitumbukia, gari lako linageuka kizuizi, na sasa una gharama ya kuvutwa juu ya faini.

Mji huu una miteremko, kwa hiyo jifunze kulaza gari mlimani. Kanyaga breki ya mguu, weka gia huru, vuta hendibreki hadi mwisho, kisha achia breki ya mguu polepole ili uzito wote ukae kwenye hendibreki. Hapo ndipo uweke gia: gari la gia za mkono likiwa limetazama bondeni, weka rivasi, likiwa limetazama mlimani, weka namba moja. La otomatiki weka P mwisho. Ukianza na P, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kipini kidogo ndani ya gia boksi, na ndiyo maana siku ya kuondoka linatoa mlio wa "kaa!". Geuza magurudumu ya mbele: ukitazama bondeni yageukie kushoto, ukingoni. Ukitazama mlimani penye ukingo ulioinuka yageukie kulia, ili likirudi nyuma tairi liuguse ukingo na kusimama. Pasipo ukingo yageukie kushoto. Mwisho, jiwe kwenye tairi upande wa bondeni. Ukiondoka toa jiwe barabarani, tafadhali.

Hatua ya tatu: ada

Mkusanyaji halali ana kitambulisho, mara nyingi na kizibao, na ana mashine. Kijana anayekuambia "kaka, nakulindia gari" anafanya kazi yake binafsi. Mpe ukitaka, lakini hiyo si ada, na kumlipa hakufuti chochote.

Fanya hivi:

1. Mwite mkusanyaji mwenyewe. Usimkimbie. Kumkimbia ndiko kunakozaa deni usilolijua.
2. Muulize kiwango cha saa, kiwango cha siku nzima, na saa za kuanza na kumaliza kutoza. Muulize pia kuhusu Jumapili na sikukuu.
3. Piga hesabu. Kwa mfano tu, kama saa ni 300 na siku ni 1,000, basi kuanzia saa ya nne kulipia siku ni nafuu. Mwenye duka au ofisi mjini aulizie malipo ya mwezi.
4. Hakikisha ameandika namba ya gari sawasawa. B na D, M na N hukosewa kila siku. Kosa lake la herufi moja linampa mtu mwingine deni lako, na siku nyingine wewe utapokea la mwenzako.
5. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, kwa simu, wakala au benki. Jina la taasisi litakalotokea kabla hujaweka namba ya siri lisome. Likiwa jina la mtu binafsi, acha.
6. Hifadhi ujumbe wa malipo. Usiufute simu ikijaa. Anza na picha za harusi.

Ukirudi kwenye gari na hujaona mtu wala karatasi, usidhani ni bure. Siku hiyohiyo jioni angalia deni kwa namba ya gari, kupitia menyu ya huduma za serikali *152*00# au kwa kumuuliza mkusanyaji yeyote wa eneo hilo. Deni la jana ni ada tu, lakini la mwezi uliopita huwa limeshabeba adhabu.

Ukiandikiwa na trafiki

Salimia kwanza. "Shikamoo afande" au "habari za kazi afande" haipunguzi faini lakini inapunguza joto. Kisha uliza: kosa ni lipi, na wapi hasa? Kabla hujalisogeza gari piga picha nne: mbele, nyuma, ubavu ukionyesha umbali kutoka ukingoni, na moja ya mbali inayoonyesha mtaa mzima, pamoja na kibao au kutokuwepo kwake. Gari likishasogea, ushahidi umekwisha.

Faini ya papo kwa papo inasimama juu ya wewe kukubali kosa. Ukikubali, hakikisha namba ya gari, saa, mahali na kosa vimeandikwa sawa, kisha chukua namba ya malipo. Usimpe mtu fedha mkononi. Fedha ya mkononi haifuti kitu kwenye mfumo, na wiki ijayo utasimamishwa Kasulu kwa deni lilelile. Usipokubali, sema kwa utulivu kwamba hukubali na ungependa jambo liende mahakamani. Pima lakini: kwa 30,000 ambayo kweli ulikuwa umeziba kivuko, siku mbili za kuhudhuria mahakama ni ghali kuliko faini.

Deni la trafiki linaonekana kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz. Ingiza namba ya gari bila nafasi katikati. Utaona kosa, mahali, kiasi, na safu ya adhabu ya kuchelewa. Hiyo safu ikianza kujaa, unalipia uvivu.

Ukikuta mnyororo

Usiwashe gari ukajaribu kutoka nao. Mnyororo utavunja rimu, bamba na hata mpira wa breki kabla haujakatika. Usiukate pia, maana hapo unaacha kosa la maegesho na kuingia kwenye kosa la kuharibu mali. Piga simu namba iliyobandikwa, piga picha zako zilezile nne, na watakapofika uliza vitu vitatu: kosa, kifungu cha sheria ndogo wanachotumia, na kiasi kwa namba ya malipo. Sheria ndogo ni hati ya umma, huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na ofisi ya mwanasheria wa manispaa inayo. Gari likiwa limevutwa, uliza mapema kama kuna malipo ya kulilaza kwa siku, kwa sababu hayo ndiyo yanayokua usiku ukiwa umelala.

Gari likikufia barabarani

Hapa sheria inakuvumilia, mradi uonyeshe kwamba ni ubovu. Lisukume hadi ukingoni, hazadi ziwake, pembetatu moja iwe nyuma hatua 50 hivi na nyingine mbele. Matawi ya miti tuliyoyazoea yanasaidia, lakini usiku hayang'ai, na mwenye gari akiondoka anayaacha. Piga simu kwa fundi mbele ya askari akija. Gari bovu lililoachwa hapo siku nyingi halihesabiwi tena kuwa limeharibika. Limetelekezwa.

Kama unanunua gari la mkononi

Kwa kuwa deni linaifuata namba ya gari na siyo dereva, usikabidhi fedha kabla hujaangalia sehemu mbili: mfumo wa polisi na deni la maegesho, vyote kwa namba hiyohiyo. Gari lililozunguka Dar es Salaam au Mwanza miaka mitatu linaweza kufika Kigoma na bili ndefu kuliko safari yake ya treni. Mwambie muuzaji alipe mbele yako, au ukate kiasi hicho kwenye bei na ulipe mwenyewe palepale, kabla ya kwenda kubadilisha jina la umiliki TRA. Anayekuazima au kukukodisha gari naye mfanyie vivyo hivyo: angalia siku ya kupokea, angalia siku ya kurudisha, na hifadhi picha ya skrini yenye tarehe.